Volani ya kuume ku barabara ya kuume

Mfanyakazi wa mgodi akipata feza kidogo hapa Likasi, mara nyingi anatafuta Toyota Premio. Tunamuelewa: jamaa nzima inaenea, mashini haina kelele, esansi haiishe mbio.

Lakini Premio ilitengenezwa kwa soko ya Japani, kwenye wanatembeza kushoto. Kwa hiyo volani iko kuume. Congo tunatembeza kuume. Kinshasa wengi wanapenda volani ya kushoto, motokari za Ulaya zinazoingilia Matadi. Zetu zinashukia Dar es Salaam, zinapita Zambia mpaka Kasumbalesa, na inchi hizo mbili zinatembeza kushoto. Si kusema Katanga tunapenda volani ya kuume: ni njia na bei vinatuchagulia.

Hatari iko ku barabara ya Lubumbashi, kilometa karibu 120, nyuma ya kamyo ya shaba. Shofere anaikaa upande wa majani. Ili aone mbele, lazima aingize motokari katikati ya njia kwanza. Bibi anayeikaa kushoto ndiye anaona kamyo inayokuja mbele ya bwana yake.

Hiace za Japani ni mbaya zaidi: mlango unafungukia katikati ya barabara, na wafanyakazi wanashukia pale gizani.

Motokari ya nyumba, kila mtu anunue kwa nguvu yake, na avumilie nyuma ya kamyo mpaka njia ionekane. Lakini basi ya kazi, kampuni ndiyo inaichagua. Sisi wa sendika tunaomba volani ya kushoto na mlango upande wa majani, na iandikwe mu konvansio kolektivi.