Tupeni chumba, cheti kaeni nacho

Kila nikisema Jumamosi asubuhi naenda kusoma hesabu na watu wazima wenzangu, swali la kwanza ni lile lile: "Mnapewa cheti?" La pili ni la posho. Nikijibu kwamba hakuna kimojawapo, na hata chai tunachangishana, naangaliwa kama mtu aliyetapeliwa.

Mimi ni mwalimu wa hisabati wa sekondari hapa Dar es Salaam. Aliyenipeleka kwenye kikundi hicho, bila kujua, ni mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu kule upande wa Afrika Kusini, na huku kwetu intaneti ikawa ya kubahatisha. Kesho yake kijana akauliza: mwalimu, si tulisema mtandao una njia nyingi? Sasa nyaya mbili tu zikikatika huko mbali, mbona tunazimika sisi? Nikamjibu kiwalimu, maana yake nikamzungusha. Na aliniona.

Kikundi kina watu saba: wahadhiri wawili, fundi wa mitambo ya simu, dada mmoja wa takwimu benki, wanafunzi wawili wa uzamili, na mimi. Tunasoma nadharia ya mitandao, hesabu ya vitu na viungo vilivyopo kati yake, iwe ni mtu na rafiki yake au kituo cha daladala na kinachofuata. Leonhard Euler aliifungulia mlango mwaka 1736 alipoonyesha kwamba haiwezekani kutembea mji wa Königsberg ukavuka madaraja yake saba, kila moja mara moja tu. Utaratibu wetu ni mwepesi: unasoma aya, unaieleza kwa Kiswahili, wenzako wanakubana.

Hicho Kiswahili hakikuletwa na uzalendo. Tulianza kwa Kiingereza, na wiki tatu mambo yalikwenda vizuri kupita kiasi, kila mtu anatikisa kichwa. Siku mhadhiri mmoja alipoombwa arudie kwa Kiswahili, akakwama kwenye neno la kwanza kabisa: ile nukta ambapo viungo vinakutana tuiiteje? Nodi? Kilele? Fundi wa simu, ambaye amekulia Kilwa na baba yake alikuwa mvuvi, akashangaa tunachobishania. Hilo ni fundo, akasema. Nyuzi zinakutana kwenye fundo, na nafasi iliyozungukwa na nyuzi ni jicho la wavu. Akachora wavu wa macho manne. Tukahesabu: mafundo 9, nyuzi 12. Mafundo toa nyuzi, jumlisha macho, unapata 1. Wa macho sita una mafundo 12 na nyuzi 17; jibu 1 tena. Asubuhi nzima iliishia kwenye kutafuta kwa nini, na hakuna aliyekumbuka chai.

Au chukua makala ya Scott Feld ya mwaka 1991, inayodai kwamba marafiki zako wana marafiki wengi kuliko wewe. Ukiisikia kwenye semina utacheka, utaiandika, utaondoka. Sisi ilituchukua Jumamosi mbili. Tulichora mtaa wa watu watano: mama ntilie anayefahamiana na wote, fundi viatu na bodaboda wanaojuana pia wao kwa wao, muuza mkaa na mwanafunzi wanaomjua mama ntilie tu. Wastani wa marafiki ni 2 kwa kila mtu. Lakini ukimuuliza kila mmoja marafiki zake wana marafiki wangapi kwa wastani, halafu ukatafuta wastani wa majibu hayo matano, unapata 3.1. Dada wa benki akainua mkono: na mama ntilie je? Yeye ana wanne, na wastani wa marafiki zake ni 1.5. Kumbe dai lile ni la wastani, si la kila mtu, na sote tulikuwa tumelipitia kama la kila mtu.

Kuna faida humo. Tuseme una chanjo moja ya kuutolea mtaa ule. Ukiokota mtu kwa bahati nasibu, nafasi ya kumpata mama ntilie ni asilimia 20. Ukimwomba huyo uliyemwokota akutajie rafiki yake yeyote, ukamchanja huyo rafiki, inapanda hadi asilimia 60. Huhitaji orodha ya mtaa wala ramani.

Taasisi iliyokuwa ikituazima chumba imetuambia shughuli yetu haina matokeo yanayopimika. Jumamosi iliyofuata palikuwa na semina mle ndani: bango, maji ya chupa, karatasi ya kusaini mahudhurio. Sina ugomvi na semina, nimekula posho zake na nitakula tena. Ila cheti na posho vikiingia kwenye kikundi chetu, watakuja watu wa kusaini, na mbele ya watu wa kusaini hakuna anayethubutu kusema "hapa sijaelewa". Tunaomba meza, ubao na ufunguo, saa tatu kwa wiki.

Yule kijana alipofika kidato cha nne, nilimrudia na jibu: idadi ya nyaya haitoshi kukulinda, hesabu ni mapigo mangapi yanatosha kukutenga, na nyaya mbili zikilazwa njia moja, pigo moja linaweza kuzimaliza zote. Akafikiri kidogo. "Sasa kwa nini hawakuzitenganisha?" Nikamwambia hilo aje alilete mwenyewe Jumamosi, saa nne asubuhi. Akauliza wapi, nikabaki natafuta la kumwambia.