Asili ya binadamu: Pwani nayo ichunguzwe kabla ya matingatinga

KWA mwanafunzi wa shule yoyote iliyo kando ya barabara kuu pale Chalinze, habari za asili ya binadamu ni habari za kaskazini. Mabasi yanayokata kona hapo kuelekea Segera, Moshi na Arusha ndiyo yanayoelekea kwenye Bonde la Olduvai, ambako Mary Leakey aligundua fuvu la Zinjanthropus mwaka 1959, na Laetoli, zilipo nyayo za zamadamu waliotembea kwa miguu miwili miaka milioni 3.66 iliyopita. Pwani yake yeye, kwa jinsi anavyofundishwa, huanza na majahazi, magofu ya Kaole na misafara ya Bagamoyo.

Utafiti wa miaka ya karibuni umeanza kuuvuruga mgawanyo huo.

Mei 2021, jarida la kisayansi la Nature lilichapisha taarifa ya kaburi lililofukuliwa katika pango la Panga ya Saidi, Kilifi, nchini Kenya. Aliyezikwa humo ni mtoto wa umri wa kati ya miaka miwili na nusu na mitatu, na alizikwa takriban miaka 78,000 iliyopita. Alilazwa kwa ubavu wa kulia, magoti yakiwa yamekunjwa kuelekea kifuani. Jinsi kichwa kilivyokaa iliwafanya watafiti waamini kwamba kiliegemezwa juu ya kitu mfano wa mto, ambacho kimekwisha kuoza. Wakampa jina la Kiswahili, Mtoto. Afrika haijapata kaburi la binadamu wa kisasa lililo kongwe zaidi ya hilo.

Pango hilo haliko katika Bonde la Ufa. Liko kilomita zipatazo 15 tu kutoka baharini, katika ukanda wa misitu ya pwani ambao kwa muda mrefu ulidhaniwa haukuwa na nafasi kubwa katika maisha ya binadamu wa kale. Tabaka za udongo wake zinaonyesha kwamba watu walirejea humo tena na tena, kizazi baada ya kizazi.

Upo ushahidi mwingine ulio karibu zaidi na Chalinze, ingawa uko ng'ambo ya maji. Katika pango la Kuumbi, Jambiani, Unguja, kulikutwa zana za mawe pamoja na mifupa ya wanyama, wakiwamo pundamilia, za kipindi cha takriban miaka 20,000 iliyopita. Pundamilia hakuogelea kutoka Bagamoyo. Wakati huo, barafu ilipotanda sehemu kubwa ya kaskazini ya dunia, bahari ilikuwa chini ya kina cha sasa kwa zaidi ya mita 100, na Unguja ilikuwa sehemu ya bara. Wawindaji wa Kuumbi waliishi pembezoni mwa tambarare moja na mabonde ya Wami na Ruvu. Ni vigumu kuamini kwamba hawakufika huku.

Swali la msingi, basi, ni nani atakayetazama, na lini. Chalinze ya leo ni mahali pa ujenzi. Njia ya umeme wa kilovolti 400 kutoka Bwawa la Julius Nyerere imefikishwa hapo, mashamba ya mananasi yametanda Kiwangwa, na Lugoba mawe yanavunjwa kila siku kuwa kokoto.

Wapo watakaosema kwamba wananchi wanahitaji umeme na barabara kuliko mifupa. Hoja hiyo ina uzito, lakini Laetoli imeijibu kwa njia isiyotarajiwa. Ilipopendekezwa kujengwa makumbusho mahali hapo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwamo Profesa Fidelis Masao na Dk. Elgidius Ichumbaki, walichimba kwanza mashimo 62 ya majaribio, kila moja la mita mbili kwa mbili. Katika machache kati ya hayo zilijitokeza nyayo mpya za zamadamu wawili, mmoja akikadiriwa kuwa na urefu wa sentimita 165. Matokeo yalichapishwa Desemba 2016 na kuzungumzwa dunia nzima. Msingi ungetangulia, nyayo hizo zingefunikwa kwa zege.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini kabla ya kuanza, na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Ugumu ni kwamba sheria haina macho. Tathmini inayohesabu miti, visima na fidia za nyumba inahitaji pia mtu anayeijua zana ya mawe akiiona, na wataalamu hao vyuo vyetu vinawafundisha. Mvunja kokoto wa Lugoba hajafundishwa. Jiwe lililochongwa na mwindaji miaka 50,000 iliyopita likimfikia mkononi, hakuna atakayemlaumu akilitia kwenye karai pamoja na mengine.