Usiku ana mwenyewe, akishauma hana

Ndugu Waislamu, liko jambo ambalo katika misikiti yetu huzungumzwa kwa upande mmoja tu, na upande wa pili umeachwa mpaka unaangamiza watoto. Jambo hilo ni mbwa. Muulize maamuma yeyote wa hapa Gulwe, awe mzee aliyesoma kwa masheikh wa zamani au kijana aliyeanza juzuu ya Amma mwaka jana, chombo kilichorambwa na mbwa kioshweje. Atakujibu bila ya kusita: mara saba, mojawapo kwa udongo. Muulize tena: mbwa wako akimng'ata mtoto wa jirani, wewe unadaiwa nini? Hapo ataanza kukuna ndevu.

Tunaosha kanzu mara saba kwa sababu ya mate ya mbwa. Jeraha la mtoto, lililoingiwa na mate yale yale, tunalifunga kitambaa kisha tunakwenda kumtafuta mzee wa kusuluhisha. Huu ndio msiba wetu.

Isieleweke kuwa tunamlaumu mtu kwa kufuga mbwa. Gulwe ni nchi ya wafugaji. Mwenye zizi la ng'ombe na mbuzi, ambaye usiku anasikia fisi wakilia ng'ambo ya mto, ana haja ya mbwa, na sheria tukufu imemruhusu. Hadithi sahihi zimemtoa katika lawama mwenye mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda shamba. Qur'ani yenyewe, katika Suratul Maida, imehalalisha windo linalokamatwa na wanyama waliofunzwa. Wala mbwa si adui wa Muislamu: tunajua kisa cha mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Tunayemsema hapa si mbwa. Ni mwenye mbwa.

Nilipata kukaa katika kikao kimoja, chini ya mbuyu. Kitongoji sikitaji wala majina. Mtoto wa miaka saba alikuwa ametoka madrasa jioni, akang'atwa kigimbi cha mguu. Mwenye mbwa ni mtu wetu, wa safu ya kwanza. Alipoulizwa alisema, kwa utulivu kabisa, kwamba mbwa yule si wake, ila huja kula makombo kwake. Mzee mmoja akamuuliza: "Ndugu yangu, usiku anapowafukuza fisi, huwa analinda zizi la nani?" Watu wakacheka. Kicheko kile kilikuwa ndiyo hukumu yote iliyotolewa siku ile. Likafuata neno la pili, kwamba mtoto alimchokoza mbwa. (Mbwa asiyekuwa wake, lakini amejua kuwa alichokozwa!) Mwisho wake jirani akapewa kuku mmoja na shilingi elfu tano, tukasoma Fatiha, nalo hilo lina maneno yake ambayo leo tunayaacha, na ikatangazwa kuwa yamekwisha.

Mtoto alikuwa hajafikishwa hata zahanati. Mama yake ndiye aliyempeleka Mpwapwa mjini siku ya tatu, kwa fedha zile za kuku na nyingine za kukopa.

Sasa tuulizane kwa uwazi. Yalikwisha nini siku ile? Wataalamu wa tiba wanatufundisha kwamba kichaa cha mbwa hakidhihiri siku ya kuumwa. Kwa kawaida huchukua miezi miwili au mitatu, mara nyingine wiki moja tu, mara nyingine hufika mwaka. Dalili zikishaanza, yaani kuweweseka, kushindwa kumeza, kuogopa maji, karibu hakuna anayepona, si Dodoma wala Ulaya. Kwa hiyo wazee wanafunga shauri siku ya pili, ilhali shauri lenyewe huenda likafunguka mwezi wa tatu. Baba amekwisha kupokea kuku. Atarudi kudai nini, na kwa nani? Suluhu ni jambo jema, Qur'ani imelisifu, lakini suluhu ya namna hii ni kumnyima mdai haki yake kabla hajaijua ni kiasi gani. Tena mwenye haki ni mtoto! Walii amewekwa kuihifadhi mali na haki ya mtoto, hakupewa ruhusa ya kuigawa ili apate sifa ya uungwana barazani.

Wako wanaojikinga kwa hadithi. Wanasema Mtume (s.a.w.) amebainisha kuwa jeraha linaloletwa na mnyama asiyesema halina fidia. Hadithi hiyo ni sahihi, imo katika Bukhari na Muslim. Lakini ndugu zetu hawa wameishika kama mtu aliyesoma mlango mmoja akafunga kitabu. Wanavyuoni wameieleza kwa mnyama aliyeponyoka bila ya uzembe wa mwenyewe. Mtume huyo huyo (s.a.w.), ngamia wa Al-Baraa bin Azib alipoingia bustani ya watu akaiharibu, alihukumu kwamba wenye mashamba wayalinde mchana, na kinachoharibiwa na wanyama usiku kiwe juu ya wenye wanyama. Na kabla ya hapo tunasoma katika Suratul Anbiya habari za Daudi na Sulaiman (a.s.) walipolihukumu shamba lililoingiliwa na kondoo usiku. Manabii wawili wamekaa kupima hasara ya jirani mpaka kila mmoja apate chake! Sisi tunamaliza kwa kicheko.

Kuhusu mbwa hasa, Ibn Qudama, aliyefariki mwaka 620 Hijria, ameliweka wazi katika Al-Mughni: anayefuga mbwa mkali kisha akamwachia, analipa anachokijeruhi au kukiharibu, iwe usiku au mchana, kwa sababu kosa lake ni kule kumweka. Hata nguo ya mtu ikichanwa, inalipwa. Anasalimika tu pale mtu alipoingia nyumbani mwake bila ya idhini. Angalia uadilifu wake: mwizi aliyeruka ua hadai kitu, lakini mtoto anayepita njiani na juzuu mkononi anadai.

Na sheria ya nchi inasemaje? Isidhaniwe kuwa imenyamaza. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamhesabu kuwa mkosaji mtu ambaye, kwa uzembe unaoweza kuwadhuru wengine, hachukui tahadhari juu ya hatari inayotazamiwa kutoka kwa mnyama aliye mikononi mwake. Hilo ni kosa la jinai, na mahakama inapomtia mtu hatiani inaweza pia kuamuru aliyeumizwa afidiwe. Upande wa madai, nchi yetu ilirithi kanuni za mahakama za Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na miongoni mwake imo ile inayomtaka mdai athibitishe kuwa mwenye mbwa alikwisha kuujua ukali wa mbwa wake. Kwa lugha nyepesi, mara ya kwanza mbwa huuma bure. Mlango mwingine ni wa kudai kwa uzembe, na Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971 inampa mwenye madai ya namna hii miaka mitatu, si usiku mmoja.

Kanuni hiyo ya kujua ukali wa mbwa ina kisa cha kustaajabisha. Mwaka 1865 Bunge la Uingereza liliamua kuwa mbwa akijeruhi kondoo au ng'ombe, mwenye mbwa alipe bila ya kuulizwa kama alimjua kuwa ni mkali. Kondoo akapata nafuu hiyo, mwana wa Adam hakuipata. Msiwacheke Waingereza. Hapa kwetu mbwa akiua mbuzi wa mtu, mbuzi hulipwa kwa mbuzi, wala hakuna anayediriki kuleta kuku. Kuku huletwa kwa ajili ya mguu wa mtoto.

Lakini msomaji asikimbilie mahakamani kabla ya kukimbilia maji. Kitu cha kwanza ni kuliosha jeraha papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni, kwa muda wa dakika 15. Kuosha huku, ndugu zangu, hakuna khitilafu ya madhehebu. Pilipili, mafuta ya taa na unga wa mganga havina kazi hapo. Kisha hospitali, siku hiyo hiyo, kwa chanjo ambayo hutolewa kwa awamu, siku ya kwanza, ya tatu, ya saba na kuendelea kama daktari atakavyopanga. Fomu ya polisi, ile PF3, ichukuliwe kwa ajili ya ushahidi, ila isiwe sababu ya kuchelewesha sindano. Tiba hii si ngeni: Louis Pasteur alimchanja mtoto wa miaka tisa aliyeraruliwa na mbwa mwezi Julai 1885, akapona. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulikadiria kuwa nchini Tanzania watu wapatao 1,500 walikuwa wakifa kila mwaka kwa ugonjwa huu, miaka zaidi ya mia baada ya mtoto yule wa Ufaransa. Hawakufa kwa kukosekana elimu duniani. Wengi walikosa nauli, au walikosa fedha za dozi, au walikuwa wakingoja mwenye mbwa akiri.

Ndiyo maana tunasema kukana mbwa si uongo mdogo wa barazani. Katika ugonjwa huu siku ndizo zinazoua. Mtu anayesema "si wangu" ili akwepe nauli ya kwenda Mpwapwa, kwa hakika anauza siku za uhai wa mtoto wa mwenzake. Na tumeonywa kwa kiapo kikubwa kuhusu imani ya mtu ambaye jirani yake hasalimiki na shari yake. Safu ya kwanza haimtoi mtu katika onyo hilo.

Upande wa waliong'atwa nao wana makosa yao. La kwanza ni hasira ya kumuua mbwa na kumtupa korongoni, au kutega sumu inayoua mbwa wa mtaa mzima. Mbwa ni mali ya mtu, kumuua kwa kisasi kunaweza kukugeuza wewe kuwa mshitakiwa. Kubwa zaidi, umeua ushahidi. Mbwa aliyeuma hufungwa na kuangaliwa siku kumi. Akiwa mzima baada ya siku hizo, hakuwa na kichaa alipouma. Akifa, afisa mifugo aitwe, kwani kichwa chake kinaweza kupimwa. Chanjo ya mtoto haingoji siku hizo kumi, huanza mara moja. La pili ni kuigeuza kesi kuwa ya dini. Akiwa mwenye mbwa ni jirani Mkristo, utasikia tayari kwamba Waislamu tunaonewa kwa mbwa wao. Hivi yule wa kikao cha mbuyuni alikuwa wa dini gani? Jirani asiye Muislamu ana haki ya ujirani juu yetu nasi tunayo juu yake, na mbwa wa Muislamu hana meno ya hariri.

Atasema mtu kuwa ugonjwa huu ni kadari, hauna dawa katika nchi maskini. Pemba inamkanusha. Katika kisiwa kile, ambacho wakazi wake karibu wote ni Waislamu, kampeni za kuchanja mbwa ziliukomesha ugonjwa, ukaingizwa tena mwaka 2016, wakachanja tena mbwa mpaka ukaondoka. Wataalamu wanasema inatosha kuchanja asilimia 70 ya mbwa wa mahali. Watu wa Pemba hawakuiacha Shafii yao, wala hawakuacha kuosha vyombo mara saba. Waliwapeleka mbwa kuchanjwa.

Halmashauri ya kijiji ina mamlaka, kwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, ya kutunga sheria ndogo. Basi wazee wetu wanaokaa vikao vya kuku wakae kikao kimoja cha maana: kila mbwa aandikwe kwa jina la mwenyewe, achanjwe, na afungwe saa ambazo watoto wanapita kwenda shule na madrasa. Asiyeandikwa kwa mtu, afisa mifugo amshughulikie. Tutaona siku hiyo ni wangapi watakaomkana mbwa wao, na ni wangapi watakaokesha wakilinda mazizi wenyewe.

Imebaki hoja ya umaskini. Wanasema mchungaji hana kitu, utamdaije nauli na dozi zote? Deni la maskini halifutwi kwa kuhamishiwa kwa maskini mwenzake, maana baba wa mtoto naye hulima uwele na karanga kama yeye. Kama hana, akope, auze mbuzi mmoja katika wale ambao mbwa anawalinda. Na kama kweli hana hata mbuzi, kisanduku cha msikiti kimpe nauli mtoto asubuhi ile ile, deni liandikwe kwa jina la mwenye mbwa, naye alipe kidogo kidogo baada ya mavuno. Maneno ya nani alimchokoza nani yasikilizwe mtoto akisharudi kutoka Mpwapwa.