Msizivute nyuso za wazee wetu

Kosa kubwa zaidi katika video za picha ni kuivuta picha hadi ijaze skrini. Hapa soko la Toi, hatua chache kutoka vibanda vya mitumba, huwa natengeneza video za picha za harusi na matanga, nyingi zikitoka albamu za zamani. Televisheni za sasa ni 16:9. Ukiivuta picha ya 4:3, marehemu anatokea na mashavu yasiyo yake, na mjane huliona hilo kabla ya mtu mwingine yeyote. Ukiikata ijae, robo yake inapotea, mara nyingi kilemba cha mama. Mimi huiweka 1440 kwa 1080 katikati ya upana wa 1920, pembeni pikseli 240 nyeusi kila upande. Jamani, uacheni ule weusi.