Kusindikizwa Si Kubebwa

Mwaka 1974 Gordy Ainsleigh alijitokeza kwenye mashindano ya farasi ya Tevis Cup, California, bila farasi. Mwaka uliotangulia farasi wake alikuwa ameanza kuchechemea njiani, basi safari hii akaamua kuikimbia njia yote mwenyewe, takriban maili 100 za milima ya Sierra Nevada. Alimaliza kwa saa 23 na dakika 42. Hapo ndipo lilipotoka wazo la mbio za Western States, zinazofanyika kila Juni.

Ainsleigh alikimbia peke yake, lakini wanaomfuata leo hawaachwi hivyo. Katika kilomita hizo 161 kuna vituo ambako watu wa kujitolea huwajazia chupa maji, huwapa supu na viazi vyenye chumvi, na kuwatilia barafu kofiani, maana kwenye makorongo joto huweza kupita nyuzi 38. Wengine hupiga magoti na kufunga bandeji kwenye malengelenge ya mtu wasiyemjua hata jina. Kuanzia Foresthill, baada ya maili 62, mkimbiaji anaruhusiwa kuwa na msindikizaji wa kukimbia naye gizani, kumhimiza ale na kumtazama asije akapotea njia.

Msaada huo, hata hivyo, una mpaka.

Mwaka 2006 Brian Morrison aliingia akiongoza kwenye uwanja wa shule ya sekondari ya Placer, mjini Auburn, mbio zinakoishia. Hata mzunguko mmoja haukubaki. Miguu ikamwishia nguvu, akaanguka, akainuka, akaanguka tena. Wenzake wakamwinua na kumshikilia. Alivuka mstari akiwa wa kwanza, kisha akaenguliwa.

Miaka tisa baadaye, uwanjani hapohapo, Gunhild Swanson mwenye umri wa miaka 70 alikuwa akikimbizana na kikomo cha saa 30. Rob Krar, mshindi wa mwaka huo aliyekuwa amemaliza tangu jana yake, alikimbia kando yake akiwa amevaa ndala. Umati ukapiga kelele. Hatua zote zilikuwa za mama huyo, na alifika zikiwa zimebaki sekunde sita.

Wapo wanaouona uamuzi wa 2006 kuwa ukatili. Ulikuwa wa haki, na una busara ya kitabibu. Anayeanguka baada ya saa nyingi njiani huenda figo zake zinaumia kwa sababu ya misuli iliyoharibika, au chumvi imepungua damuni kwa kunywa maji kupita kiasi. Huyo anahitaji daktari kabla ya medali.

Afrika Mashariki inaujua uzuri wa kusindikizwa. Vienna, mwaka 2019, wakimbiaji 41 walipokezana kumzunguka Eliud Kipchoge hadi akamaliza marathoni kwa saa 1:59:40. Lakini heshima hiyo mara nyingi humfikia bingwa tu. Katika mbio nyingi za mitaani, wa mwisho hukuta meza za maji zimeshakunjwa na barabara imerudishiwa magari. Waandaaji watangaze kikomo cha muda mapema, waache maji mezani hadi kitimie, wamweke msindikizaji nyuma ya mkimbiaji wa mwisho, na wampe daktari mamlaka ya kumsimamisha yeyote, hata anayeongoza.