Kiongozi Wetu Akiigizwa, Tusikimbilie Kufuli

Wenzangu, wiki nzima sasa kundi letu la WhatsApp limewaka moto, na safari hii si teuzi wala ada ya uanachama. Ni mchezo wa kuigiza. Tena mchezo ambao hata haujafunguliwa.

Kwa waliokuwa ushago bila bando, mambo ni hivi. Kuna kikundi cha vijana hapa Nairobi kinachofanya mazoezi ya tamthilia ya muziki kuhusu chama cha upinzani. Chama ni cha kubuni, jina la kubuni, hadi rangi ni za kubuni. Lakini kiongozi wake anavaa kofia tunayoijua, anasafisha koo mara mbili kabla ya kuhutubia, na ana wimbo mzima wa kuwaahidi vijana kwamba zamu yao itafika uchaguzi ujao. Mtu alirekodi mazoezi kwa simu, sekunde 40 hivi, akaposti. Basi. Sitataja jina la mchezo wala la kikundi, maana wameshatumiwa matusi ya kuwatosha.

Wapenzi wa jukwaa ndio waliotangulia kugombana, na ugomvi wao, kusema kweli, niliufurahia. Kuna wanaosema kiongozi hangefaa kuigizwa na msichana. Kuna wanaouliza kwa nini nyimbo za mikutano ya kisiasa zimegeuzwa rumba badala ya kuachiwa ngoma na filimbi zake. Mmoja aliandika maelezo marefu ajabu akidai sauti ya yule msichana ni ndogo kwa ukumbi ule, na bila maikrofoni waliokaa nyuma hawatasikia kitu. Huyo angalau anaonekana amewahi kukaa nyuma.

Kisha wakaingia watu wetu. Wa kwanza akataka tuandikie wasimamizi wa ukumbi barua ya chama wafute nafasi waliyowapa. Wa pili akasema barua ni polepole, ana mtu anaweza kupiga simu moja tu na mambo yaishe. Wa tatu akapendekeza tujaze mlango usiku wa kwanza "tuwaonyeshe sisi ni akina nani", na ujumbe wake ukapata vidole gumba 61. Nilivihesabu.

Napinga. Napinga barua, napinga simu, na hiyo ya kujaza mlango naipinga mara mbili.

Si kwamba nimeona ubaya kubishana juu ya mchezo kabla haujaonyeshwa. Nani alisema lazima watu wanyamaze mpaka pazia lifunguliwe? Kule Kamiriithu, Limuru, mwaka 1977, mazoezi ya Ngaahika Ndeenda yalifanywa hadharani. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii walileta maandishi, lakini wanakijiji waliyasoma, wakayapinga, wakayarekebisha. Wazee waliokuwa wameyaishi yale mambo walisahihisha nyimbo na maneno. Wakulima na wafanyakazi wa viwandani walijenga wenyewe jukwaa la wazi lenye viti vya watu wapatao 2,000. Mchezo ulipofunguliwa Oktoba ulikuwa umeshabishaniwa na kijiji kizima, na nadhani hiyo ni sehemu kubwa ya sababu watu waliupenda. Wiki chache baadaye leseni ikafutwa. Desemba 31 Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa, akawekwa kizuizini Kamiti karibu mwaka mzima bila kushtakiwa.

Wengi wetu tunaijua hadithi hiyo. Ile ya 1982 haisimuliwi sana, na ndiyo inayotuhusu zaidi wiki hii, kwa sababu ilikuwa hasa tamthilia ya muziki. Maitũ Njugĩra ilikuwa na nyimbo za jamii mbalimbali za Kenya, na ilirudi nyuma hadi miaka ya 1930, enzi za kipande. Ilikuwa ifunguliwe Kenya National Theatre mwezi wa Februari. Kikundi kilipofika kilikuta milango imefungwa kwa kufuli na polisi wamesimama. Wakahamia Chuo Kikuu cha Nairobi waendelee na mazoezi, na mazoezi ndiyo yakawa onyesho lenyewe. Watu walimiminika kwa maelfu, hadi hayo mazoezi nayo yakazimwa. Machi, polisi wakatumwa Kamiriithu kwa malori kubomoa lile jukwaa. Tamthilia haikufunguliwa.

Kwa hivyo tofauti kati ya mpenzi wa jukwaa anayelalamikia rumba na ofisa aliyefunga ule mlango si kwamba mmoja ameuona mchezo na mwingine hajauona. Huenda wote hawajauona. Mmoja ana maoni, mwingine ana ufunguo. Sasa sisi, ambao tumekaa nje ya mlango miaka yote hii, tumepata namba ya simu ya mtu mwenye ufunguo, na jambo la kwanza tunalotaka kufanya ni kuwafungia watoto wa watu nje?

Hebu turudi Aprili 2025, haiko mbali. Wasichana wa Butere walifika Nakuru na Echoes of War, mchezo ulioandikwa na Cleophas Malala, aliyekuwa seneta wa Kakamega. Mchezo ulikuwa umeondolewa kwenye tamasha, Mahakama Kuu ikaamuru urudishwe, na bado mwandishi akazuiliwa na polisi kabla ya siku ya onyesho. Aprili 10 wasichana walisimama, wakaimba wimbo wa taifa, wakaondoka. Nje vitoa machozi vikarushwa. Shule hiyo hiyo ilikuwa imepitia haya mwaka 2013 na Shackles of Doom, pia wa Malala, uliopigwa marufuku kwa madai ya kuchochea ukabila. Wakati huo Okiya Omtatah alienda mahakamani na Jaji David Majanja akaamua uchezwe.

Sisi tulikuwa upande gani 2025? Kila mtu kwenye kundi letu alibadilisha picha ya wasifu. Wawili kati ya wanaotaka barua iandikwe leo waliandika wakati huo, kwa herufi kubwa, kwamba anayeogopa mchezo wa shule hafai kuongoza. Skrinishoti zipo, na msidhani ni mimi tu ninazo.

Kuna jambo jingine kuhusu Butere ambalo halijawahi kunitoka. Tulipigania mchezo ule wiki mbili bila mtu hata mmoja kusema wimbo gani ulikuwa mtamu au msichana gani aliigiza vizuri. Tungejuaje? Hatukuwa tumeuona. Kufuli lilitunyima onyesho, halafu likatunyima hata mazungumzo kuhusu onyesho. Tukabaki kuzungumzia polisi.

Nimesikia hoja zenu. Ya kwanza ni kwamba wamelipwa na serikali. Inawezekana, kila kitu kinawezekana Kenya. Lakini kwenye ile klipu maleba yameshonwa kwa mabango ya kampeni za 2022, ukikaza macho unasoma nusu ya jina la mtu. Kama hizo ndizo pesa za dola, basi kuna mtu katikati amezila zote.

Ya pili ni sheria, ati ni kuharibia mtu jina. Kifungu cha 33 cha Katiba kinataja uhuru wa ubunifu wa kisanaa waziwazi, na kinataja pia unapokomea: propaganda za vita, uchochezi wa ghasia, matamshi ya chuki. Kumwiga mtu anavyosafisha koo hakumo. Na kama kweli kuna uongo wa kumharibia jina, mahakama zipo, aende baada ya kuusikia. Moi alikuwa bado Ikulu wakati Redykyulass walipokuwa wakimwiga kwenye runinga, na nchi ilicheka ikaenda kazini kesho yake. Vikaragosi vya XYZ Show havikuchagua serikali wala upinzani.

Ya tatu ndiyo nzito: 2027 iko mlangoni, huu si wakati. Hapa nitasema lililo moyoni. Kofia haijamuuma mtu. Kilichouma ni ule wimbo wa uchaguzi ujao, kwa sababu tunaujua kwa kichwa bila kuusikia. Kwenye mchujo wa wodi yetu 2022 kulikuwa na vijana 4 waliolipa ada ya uteuzi, mmoja akiwa ameuza pikipiki yake. Cheti kikapewa mtu ambaye hakuwa ameitisha hata mkutano mmoja. Tuliambiwa tuwe na subira. Mwenye pikipiki siku hizi hajibu simu zetu, na sidhani ni rumba iliyomfukuza. Mchezo ukizimwa, malalamiko yake yatabaki palepale, na mwaka ujao atakuja mtu kumwomba kura.

Basi nimepeleka pendekezo kwa kamati. Barua isiandikwe, na mwenye ile namba ya simu aifute. Tununue tiketi 30 za wanafunzi, shilingi 300 kila moja, tuingie kama watu wengine, tukae. Mchezo ukiisha tuwaombe waigizaji nusu saa tuwaulize yote, hata hilo la nani aliwapa pesa. Mwenye kutaka kupiga kelele apige hapo, wakiwa wameshamaliza kuimba. Kiongozi mwenyewe nimemtumia ujumbe kupitia msaidizi wake kwamba kuna kiti chake. Bado hajajibu.

Wanaokuja watume majina kwa mweka hazina kabla ya Jumatano saa 11 jioni. Na yule ndugu wa maikrofoni, njoo pia. Tutakuketisha safu ya mwisho kabisa utuambie kama inasikika.