Mkono wa mjomba umo kwenye biti yangu

Jamani wadau, nilikuwa kimya, mitihani ilinibana. Leo nina jambo linaloniwasha, na mshitakiwa wa kwanza ni mimi mwenyewe.

Maisha yangu ya hapa Dar mnayajua. Asubuhi darasani, jioni gitaa mgongoni kwenye daladala, konda ananiuliza kama na huyo mwenzangu analipa. Bumu likikata napiga kwenye harusi Sinza au Mbagala. Usiku natengeneza biti kwa kompyuta ya kuazima, kwenye chumba tunachobebana watu wawili kitanda kimoja.

Kwetu Nachingwea, ila mama ni wa Ruangwa. Ukiwatajia wazee wa mjini Nachingwea, wanakumbuka mradi wa karanga wa Waingereza wa mwaka 1947. Ukiwatajia vijana Ruangwa wanasema Namungo, maana timu ilipanda Ligi Kuu mwaka 2019. Ngoma zetu hakuna anayezitaja. Basi mwaka juzi likizo nikaenda Ruangwa kwa mjomba, nikamrekodi kwa simu akipiga ngoma siku ya kuwatoa wali. Mjomba kidole chake cha kati hakikunji tangu alipoanguka kutoka kwenye mkorosho, kwa hiyo kila pigo la nne linachelewa kidogo. Ukilisikia, bega linatikisika lenyewe.

Niliporudi Dar nikakata sekunde sita, nikazizungusha, nikaongeza besi. Prodyuza mmoja akataka kulinyoosha lile pigo, nikamwambia acha kama lilivyo. Msanii wa singeli akainunua kwa elfu themanini. Nikalipa deni la mama ntilie, nikanunua nyuzi za gitaa. Mjomba sikumwambia kitu. Nilijiambia ngoma ni ya Wamwera wote, na mimi Mmwera.

Mwezi wa tatu akanipigia simu. Kaisikia kwa kinyozi, sokoni.

"Mpwa wangu, yule anayepiga si mimi?"

Nikanyamaza.

"Ni mimi. Kidole changu nakijua. Ila mbona mmenikimbiza hivyo? Na mbona narudia palepale kama redio iliyokwama?"

Hela hakuuliza. Afadhali angeuliza.

Sasa hoja yangu ndiyo hii. Haya maneno kwamba ngoma haina mwenyewe tunayasema sisi wenye simu na kompyuta, kwa sababu yanatufaa. Mdundo ni wa kabila, sawa, sibishi. Lakini zile sekunde sita zilipigwa na mtu mmoja, jua kali, mwenye kidole kibovu, na bila kidole hicho nisingeuza kitu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawatambua watendaji, na sanaa za jadi zina sehemu yake humo. Tunaisoma, tunaijibia mtihani, tunafunga daftari.

Mtaniambia mji huu umekula ngoma za watu siku nyingi. Kweli. Mlimani Park, bendi iliyoanza mwaka 1978, jina la mtindo wake, Sikinde, ni la ngoma ya Wazaramo. Lakini wale walikaa na vyombo wakapiga kwa mikono yao wenyewe. Sisi tunaondoka na mkono wa mtu ndani ya simu. Halafu tunajua kulia! Juzijuzi hapa nilimfokea jamaa aliyetumia biti yangu bila kunilipa, nikamwita mwizi mbele za watu. Mimi!

Wengine mtasema elfu themanini mtu agawane nini. Nusu yake ni elfu arobaini. Kwa mjomba hiyo ni hela ya ngozi mpya ya ngoma, na ikibaki anaongezea kwenye salfa ya mikorosho. Hapa mjini mimi niliimaliza ndani ya siku tatu.

Jumapili nimemtumia elfu ishirini, nyingine nikilipwa harusi ya Mbagala. Yule msanii nimemwomba aandike jina la mjomba kwenye wimbo, kasema ataona. Mjomba kasema hela imefika, ahsante, ila anachotaka yeye ni ile rekodi nzima, dakika kumi na moja, siyo hicho kipande. Nimeitafuta jana usiku kucha. Kumbe niliifuta zamani, simu ilikuwa imejaa.